Tuwapime kwa Walichokuwa Nacho Usiku Ule: Hotuba kuhusu Ndege ya Lady Be Good na Watu Wake Tisa

Waheshimiwa walimu, wazazi, na ninyi vijana mliochagua kazi ya anga. Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Niliombwa nije kuzungumza juu ya usalama wa safari za ndege, nami nikaomba ruhusa nizungumzie ndege moja tu, tena ya kivita, tena ya zamani. Ni ndege ya mabomu ya jeshi la Marekani iliyoitwa Lady Be Good. Ilipotea usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 1943 katika jangwa la Libya pamoja na watu wake tisa, na ikapita miaka 15 kabla ya jicho la mwanadamu kuiona tena.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekaa mbele ya redio ya uwanja wa ndege, nikisikiliza sauti za watu nisiowaona wakiniuliza wako wapi. Kwa hiyo habari hii siwezi kuisoma kama hadithi ya jangwani. Na kila inapotajwa, hasa siku hizi ambapo kila mtu ana ramani ya dunia nzima mfukoni, nasikia hukumu ileile: walikuwa wazembe, mwongoza njia wao hakujua kazi, waliruka wakaiacha ndege yenye maji na chakula. Nimekuja kuipinga hukumu hiyo mbele yenu. Wale watu tuwapime kwa walichokuwa nacho mikononi usiku ule. Hayo mengine tunayoyajua leo, wao hawakuyajua.

Nianze na majina, maana watu hawa hutajwa kwa jina la ndege mpaka wao wenyewe wanasahaulika. Rubani alikuwa Luteni William Hatton wa New York. Rubani msaidizi, Robert Toner wa Massachusetts. Mwongoza njia, D. P. Hays wa Missouri. Mdondosha mabomu, John Woravka wa Ohio. Fundi wa ndege, Harold Ripslinger, na mtu wa redio, Robert LaMotte, wote wawili wa jimbo la Michigan. Halafu wapiga bunduki watatu: Guy Shelley wa Pennsylvania, Vernon Moore wa Ohio na Samuel Adams wa Illinois. Walikuwa wamefika Libya mwezi Machi tu, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita wakiwa kundi moja. Ndege nayo ilikuwa ngeni pale kikosini.

Ndege yenyewe ilikuwa ya aina ya B-24 Liberator: injini nne, mabawa ya mita 33 na nusu kutoka ncha hadi ncha. Marekani ilitengeneza zaidi ya 18,000 za namna hiyo wakati wa vita, na hakuna ndege ya kivita ya nchi ile iliyowahi kutengenezwa kwa wingi kuizidi. Ilisifiwa kwa kwenda mbali bila kuongeza mafuta. Sifa hiyo ikumbukeni, maana ndiyo iliyowafikisha pale walipofia.

Tarehe 4 Aprili ilikuwa Jumapili. Kikosi cha 376 kilikuwa na kambi yake Soluch, kusini ya mji wa Benghazi, na amri ya siku hiyo ilikuwa kuishambulia bandari ya Naples, ng'ambo ya bahari ya Mediterania. Zilipangwa ndege 25 katika mafungu mawili, la kwanza 12 na la pili 13. Lady Be Good ilikuwa katika fungu la pili, tena miongoni mwa zile za mwisho kuondoka. Wakati wa kuondoka upepo ulikuwa unavuma na kupeperusha mchanga uwanjani. Mchanga ni adui mkubwa wa injini. Katika zile 13, tisa zilirudi nyumbani baada ya injini zake kuonyesha dalili mbaya. Zikabaki nne.

Zile nne zilifika Naples jua limekwisha kuzama. Walichotumwa kukipiga hakikuonekana. Lady Be Good ikageuka, ikayamwaga mabomu yake baharini ili kupunguza uzito na kuokoa mafuta, ikashika njia ya kurudi peke yake. Hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Ndege ya mabomu ilizoea kusafiri na wenzake: mmoja akipotea, mwingine anamwonyesha njia. Usiku ule kila mmoja alirudi kivyake. Juu ya hayo, mwezi ulikuwa mwandamo, maana yake usiku kucha anga haikuwa na mwezi. Chini yao bahari nyeusi, mbele yao pwani ya Libya ambayo kwa sababu ya vita haikuwashwa taa.

Sasa twende kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha yote. Saa sita na dakika 12 usiku, Hatton aliita kwa redio. Chombo chake cha kutafutia mwelekeo kilikuwa hakifanyi kazi, akaomba kituo cha Benina, karibu na Benghazi, kimpimie mwelekeo. Kituo kikapima, kikampa jibu: nyuzi 330.

Nyuzi 330 kwenye dira ni kaskazini-magharibi. Ndege inayotoka Naples kurudi Benghazi inakuja kutoka kaskazini-magharibi. Kwa hiyo jibu lilikuwa sahihi kabisa kwa matarajio ya kila aliyelisikia: mko baharini bado, mko kwenye njia yenu, endeleeni kuja. Wakaendelea.

Tatizo lilikuwa kwenye chombo chenyewe. Antena ya duara ya enzi zile, ikiwa moja na peke yake, ilikuwa inapima mstari ambao sauti imepitia. Haikuweza kusema sauti imetokea upande upi wa mstari huo. Mstari wa nyuzi 330, ukiurefusha kuelekea nyuma, ndio mstari wa nyuzi 150, yaani kusini-mashariki. Chukueni mtu aliyesimama Chalinze, akaambiwa kwamba basi analolisubiri liko kwenye barabara ya Dar es Salaam na Morogoro. Ameambiwa kweli tupu. Lakini hajui kama basi bado linakuja au limeshampita. Ndivyo ilivyokuwa Benina. Lady Be Good ilikuwa imekwisha kuivuka pwani, imeuvuka uwanja wake gizani, na ilikuwa inaelekea ndani ya Sahara huku watu wake wakiamini kwamba chini yao ni maji. Inasimuliwa kwamba watu wa Soluch walisikia ngurumo ya ndege ikipita juu yao, wakarusha fataki za mwanga kuiita. Waliokuwa ndani hawakuziona.

Vijana wangu, hapa ndipo watu wanapoanza kumtafuta mkosaji. Wengine wanamshika Hays. Wengine wanamshika yule askari wa Benina. Mimi nimekaa kwenye kiti cha namna ile, basi niseme ninachokifahamu. Njia za kuondoa utata ule zilikuwepo. Ukiwa na kituo cha pili mahali pengine, nacho kikapima, mistari miwili inakutana na unajua ndege iko wapi. Au unamwambia rubani akate kushoto au kulia kwa dakika kadhaa, halafu unapima tena: namna kipimo kinavyosogea, kikipanda au kikishuka, inakuambia yuko upande gani wako. Lakini mtu huomba kipimo cha pili pale kipimo cha kwanza kinapomtia shaka. Cha kwanza hakikumtia mtu yeyote shaka. Kilikuwa kinasema lile lile ambalo saa, dira na akili ya kila mmoja zilikuwa zinatarajia. Isitoshe ilikuwa vita, na kila neno linalotamkwa redioni adui naye analisikia, kwa hiyo watu walifundishwa kusema machache na kunyamaza. Kosa linalofanana na matarajio yako ndilo gumu kuliko yote kuliona, na mimi sijakutana bado na mtu wa kazi yetu ambaye kosa la namna hiyo halijawahi kumpitia.

Na lingine. Mnaambiwa: angewezaje mtu mwenye macho asijue kama yuko juu ya mchanga au juu ya bahari? Usiku usio na mwezi, kutoka juu, jangwa lisilo na taa hata moja halina tofauti na bahari. Hakuna moto, hakuna gari, hakuna kijiji. Kila dakika iliyopita bila kuona pwani iliwathibitishia kwamba bado wako majini. Ilipita zaidi ya saa moja na nusu baada ya wito ule wa redio, ndege ikinguruma kuelekea bara.

Kama saa nane usiku mafuta yalikuwa yanakwisha. Injini zilizima moja baada ya nyingine, wakaamua kuruka kwa parachuti. Walivaa maboya yao ya kujiokolea kwa sababu walijiandaa kutua majini. Maboya hayo yalikuja kuokotwa jangwani baadaye, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa kuliko maelezo yoyote juu ya walichokuwa wanakiamini. Mtu anayevaa boya juu ya Sahara si mzembe. Ni mtu anayetii kile anachokijua kwa uangalifu wote.

Kuna jambo linaloniuma hapa. Walipokwisha kuruka wote, ndege iliendelea peke yake, injini moja bado ikifanya kazi, ikashuka taratibu na kutua kwa tumbo juu ya changarawe. Ilivunjika nyuma ya mabawa, lakini haikuungua. Ndani yake kulikuwa na maji, chakula, na redio nzima. Ilisimama kilomita 26 hivi kusini ya mahali walipotua wao.

Hapo ndipo watu hupiga makofi ya masikitiko na kusema: laiti wangekwenda kusini! Jamani, wangekwenda kusini kwa sababu gani? Ndege inayoachwa gizani mafuta yakiisha, mtu yeyote mwenye akili anadhani imeanguka na kuteketea. Wao waliamini pwani iko karibu. Mtu anayeamini hivyo, na anayejua kwamba kikosi chake kiko kaskazini-magharibi, huelekea kaskazini-magharibi. Ukweli ni kwamba walikuwa kama kilomita 700 kusini-mashariki ya Soluch, na njia waliyoichagua ilikuwa inawapeleka kwenye bahari ya mchanga ya Calanshio, vilima vya mchanga visivyo na mwisho, bila kisima wala mti.

Tunajua yaliyotokea kwa sababu Robert Toner, rubani msaidizi, alikuwa anaandika kila siku maneno machache katika shajara yake ndogo. Ripslinger naye aliandika. Ya Toner nimeisoma mara nyingi, na kinachonishangaza ni utulivu wake. Halalamiki juu ya mtu. Hamlaumu Hays, hamlaumu Hatton. Siku ya kwanza anaandika kwamba walipotea wakirudi, mafuta yakaisha, wakaruka, wakatua jangwani saa nane usiku, hakuna aliyeumia sana, ila hawamwoni John. Huyo John ni Woravka. Wengine wote wanane walikuwa wameshakusanyika.

Jumatatu tarehe 5 walianza kutembea, na bado Woravka hajaonekana. Walichokuwa nacho ni chakula kidogo na nusu chupa ya maji ya askari. Nusu chupa, watu wanane. Wakakubaliana kila mtu apate kifuniko kimoja cha chupa kwa siku. Mchana jua, usiku baridi kali mpaka hawalali.

Jumanne walipumzika kuanzia saa tano na nusu asubuhi, jua likawa kali na upepo hakuna, na Toner anauita mchana ule jehanamu. Jioni saa kumi na moja wakaanza tena. Walijiwekea utaratibu wa usiku kucha: dakika 15 kutembea, dakika tano kupumzika. Vijana, huo ni utaratibu wa watu walio na nidhamu. Watu waliochanganyikiwa hawahesabu dakika. Jumatano ilikuwa hivyo hivyo, wakidhoofika, wakisali muda wote.

Alhamisi wakaingia kwenye vilima vya mchanga. Upepo ulikuwa mzuri lakini ulipuliza mchanga bila kukoma. Toner anaandika kwamba walidhani Sam, yaani Adams, na Moore wamefika mwisho. Macho ya LaMotte yameharibika kabisa, ya wengine nayo ni mabaya. Bado wanaelekea kaskazini-magharibi.

Ijumaa tarehe 9, watano hawakuweza tena kusogea. Shelley, Ripslinger na Moore, wale waliokuwa bado na nguvu kidogo, wakaachana nao kwenda kutafuta msaada. Nafikiri sana juu ya kuachana kule. Watatu wanajua kwamba wakikaa watakufa pamoja na wenzao, na wakienda huenda wakafa peke yao. Wakaenda. Moore ambaye jana yake walidhani amekwisha, naye akaenda. Waliobaki, anaandika Toner, wote wanatamani kufa. Maji bado machache mno. Usiku joto linashuka mpaka nyuzi 35 za kipimo chao, yaani karibu nyuzi 2 za selsiasi, hawana kivuli wala pa kujificha, wana parachuti moja tu ya kujifunika.

Jumamosi waliona ndege wawili hivi, wale wenye manyoya. Wanasali pamoja kuomba msaada. Hawawezi kutembea tena. Jumapili, wiki moja tangu waondoke Soluch, Toner anaandika kwamba kama wangekuwa na maji wangeweza kufika. Yamebaki ya kulowesha ulimi tu. Bado wanasubiri, bado wanasali. Jumatatu tarehe 12 anaandika kwamba msaada haujafika, na usiku ulikuwa na baridi kali. Baada ya hapo kurasa hazina kitu.

Upande wa pili, jeshi liliwatafuta. Liliwatafuta baharini. Ndege iliyotoka kushambulia Italia isirudi, kipimo chake cha mwisho cha redio kinasema iko kaskazini-magharibi ya Benghazi, unaitafuta wapi? Unaitafuta baharini. Ndivyo walivyofanya, hawakuona kitu, wakaandika kwamba imezama Mediterania. Kipimo kilekile kilichowapoteza wale tisa kiliwapoteza pia waliotumwa kuwatafuta, na familia zao zikaambiwa wapendwa wao wako chini ya maji.

Kwetu huku tunazijua nyumba za namna hiyo. Wapo wazee waliokwenda Burma na majeshi ya King's African Rifles wakabaki huko. Wapo askari wetu wa mizinga waliopanda meli ya Khedive Ismail pale Mombasa mwezi Februari 1944 kuelekea Colombo. Manowari ya Kijapani ikaizamisha tarehe 12 karibu na Maldivi, wakafa karibu watu 1,300. Wengi wa familia hizo walipata karatasi moja tu, au hawakupata kitu. Mama aliyeambiwa mwanawe amezama hana kaburi la kusafisha, na hana tarehe ya uhakika ya kusoma dua. Mama yake Toner alikuwa katika hali hiyo hiyo kule Massachusetts, bila kujua kwamba mwanawe aliishi siku nane zaidi na aliandika.

Mwaka 1958 watafutaji wa mafuta wa Kiingereza waliokuwa wakiruka juu ya jangwa waliona ndege chini. Taarifa ikafika kwa Wamarekani kwenye kambi yao ya Wheelus, Tripoli, na haikushughulikiwa sana, kwa kuwa katika vitabu vyao hakuna ndege iliyopotea sehemu ile. Ilipofika Februari 1959, kundi la wanajiolojia likaifikia kwa gari. Mwezi Mei wakaja wanajeshi wa Marekani. Walichokikuta kimeandikwa sana: bunduki za rashasha zilikuwa bado zinafyatuka, redio ilikuwa inafanya kazi, maji yalikuwemo. Hewa kavu ya jangwa ilikuwa imehifadhi kila kitu. Hapakuwa na mtu, wala parachuti.

Ikaanza kazi ya kuwatafuta watu wenyewe, na kazi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye heshima kuliko yote katika habari hii. Miaka 16 imepita, vita vimekwisha, hakuna wa kuokolewa. Bado watu walikwenda kwenye joto lile na magari na ndege kutafuta mifupa. Wakakuta alama: viatu vimepangwa kama mkuki kuonyesha upande walikoelekea, vipande vya parachuti vimewekewa mawe juu visipeperuke. Wale wanane walikuwa wanatembea huku wakiwaachia njia watu wa kuwafuata. Waliamini watafuatwa. Alama ziliishia kwenye vilima, na baada ya miezi kadhaa msako ukasimamishwa, wakidhani mchanga umewafunika wote.

Februari 1960 wafanyakazi wa mafuta wakawakuta watano pamoja: Hatton, Toner, Hays, LaMotte na Adams, na shajara ikiwa palepale. Walikuwa wametembea si chini ya kilomita 100 kutoka walipotua. Wataalamu waliokuwa wakiongoza msako walikuwa wamekadiria pungufu sana ya hapo kwa mtu asiye na maji. Msako ukaanza upya. Mwezi Mei wakampata Shelley, zaidi ya kilomita 30 mbele ya wale watano, na siku chache baadaye Ripslinger, mbali zaidi, kilomita 40 na kitu. Yaani wale watu, kwa kifuniko cha maji kwa siku, baada ya siku tano za kutembea, walikuwa bado na mwendo wa namna hiyo ndani yao. Agosti 1960 akapatikana Woravka. Alikuwa hakwenda popote. Parachuti yake haikufunguka sawasawa, alikufa alipofika chini, na kule walikomtafuta wenzake gizani hakuwepo.

Nitaje pia jambo ambalo hulipa nafasi kubwa watu wanaopenda vitisho. Baadhi ya vifaa vya ndege ile vilichukuliwa na kufungwa kwenye ndege nyingine, na kati ya hizo zikatokea zilizopata matatizo, basi watu wakaanza kusema habari ya laana. Sitaki kuingia huko. Ukisema laana, umewafanya wale tisa kuwa vinyago vya mchezo wa mashetani, na umeifuta ile antena ya duara, ambayo ndiyo kitu cha pekee katika habari hii ambacho mwanafunzi anaweza kukishika na kukielewa.

Mabaki ya ndege yenyewe yaliondolewa jangwani mwaka 1994 na Walibya na kupelekwa kwenye kambi ya jeshi huko Tobruk. Vitu vichache viko kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga la Marekani, Dayton, Ohio.

Sasa narudi kwa wale wanaohukumu, kisha nimalize. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliniletea swali hili kabla sijapanda hapa: kama ningekuwa mimi Benina usiku ule, ningefanya nini? Nimelifikiria kwa haki. Ndege ngeni, sauti ngeni, saa sita usiku, ndege nyingine nazo zinarudi moja moja na kila moja inataka kusikilizwa. Napima, napata 330, naangalia ramani, naona inaingiana na njia ya kutoka Naples. Ningempa nyuzi 330. Nadhani kila mmoja wenu angempa. Ndiyo maana walimu wenu hapa wanawachosha kwa kuwataka kupima mara mbili hata pale jibu la kwanza linapowaridhisha, na hasa pale linapowaridhisha. Siku mtakapochoka na zoezi hilo, mkumbukeni LaMotte akiwa kwenye kiti chake cha redio, anapokea tarakimu tatu kutoka Benina, anampa rubani, na hana sababu hata moja ya kutoziamini.

Wanane kati ya wale tisa walirudishwa Marekani wakazikwa kwa majina yao. Aliyebaki ni Vernon Moore, mpiga bunduki kutoka New Boston, Ohio. Aliondoka Ijumaa ile na Shelley na Ripslinger. Wenzake wawili wamepatikana kwenye njia ile ya kaskazini, yeye bado. Kwa jeshi la nchi yake, Moore bado anahesabiwa miongoni mwa waliopotea.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Ramani ya njia yao na mchoro wa ile antena nimeviweka hapa mezani. Anayetaka tukae tuvipitie pamoja, aje.